Theluthi mbili ya robo tatu yazua ugomvi mpakani

WAFANYABIASHARA wengi wanaosafirisha mizigo kati ya Kampala na Busia hununua kwa ushirika. Mmoja ana mtaji mkubwa, mwingine mdogo, na fedha hugawanywa kwa sehemu. Hapo ndipo neno dogo "ya" linapoleta ugomvi.

Mimi ni mwalimu. Nilisoma shule ya msingi Tanzania, wazazi wangu wakiwa uhamishoni, na huko hesabu tulifundishwa kwa Kiswahili. Niliporejea Kampala nilikuta watoto wakisoma sehemu kwa Kiingereza, ilhali mama zao sokoni wanagawana kwa Kiganda na Kiswahili. Ndiyo maana wenzangu tuliorejea huniletea madaftari yao.

Kinamama wawili walinijia na hesabu hii. Walinunua kilo 240 za maharage. Mmoja alitoa theluthi mbili ya mtaji, mwenzake theluthi moja. Huko Busia waliuza robo tatu ya mzigo kwa shilingi 4,000 kila kilo, wakapata 720,000. Mwenye mtaji mkubwa alidai thamani ya kilo 160, yaani 640,000, kwa kuwa theluthi mbili ya kilo 240 ni 160. Mwenzake akabakiwa na 80,000, akalalamika kwamba amedhulumiwa.

Kosa liko wapi? Kilo 160 ni haki yake katika mzigo mzima, lakini mzigo haukuuzwa wote. Kilichouzwa ni robo tatu, naye anastahili theluthi mbili ya hiyo robo tatu. Palipo na "ya" kati ya sehemu mbili, zidisha: namba ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini. 2/3 × 3/4 = 6/12, yaani nusu. Nusu ya 240 ni kilo 120, sawa na shilingi 480,000. Mwenzake apate 240,000. Kilo 60 zilizobaki zingali mali ya wote wawili: 40 za mmoja, 20 za mwingine.

Jihadhari vivyo hivyo unaponunua Kikuubo. Mwuzaji akikupunguzia robo ya bei, kisha robo ya bei iliyobaki, hajakupunguzia nusu. Unalipa 3/4 × 3/4 = 9/16. Bidhaa ya shilingi 160,000 utailipia 90,000, si 80,000.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni sehemu ya kila mmoja kabla gari halijaondoka Kampala, na mkishauza mgawane fedha iliyopatikana, si mzigo mliopakia.