Tarakimu Nne, Herufi Mbili: Gharama ya Kuijua Historia ya Gari la Jeshi la Uingereza

Zaidi ya pauni 4,200: hizo ndizo fedha ambazo mwenye Land Rover iliyostaafu jeshini anaweza kuzipoteza kwa kukosa ushahidi wa tarehe moja tu.

Chukua Land Rover iliyotoka kiwandani mwaka 1984, ikatumika jeshini miaka 12, kisha ikauzwa mnadani na kusajiliwa kwa raia mwaka 1996. Nchini Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 tangu kuundwa huingia katika kundi la magari ya kihistoria. Halilipi kodi ya barabara na, kama muundo wake haujabadilishwa sana, halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Mwenye ushahidi kwamba gari lake liliundwa 1984 alipata msamaha wa kodi Aprili 2025. Mwenzake ambaye hati ya usajili inamwonyesha mwaka wa usajili wa 1996 tu atasubiri hadi Aprili 2037.

Hesabu yake ni nyepesi. Kodi ya gari la aina hiyo inazidi pauni 300 kwa mwaka, na kwa miaka 12 inazidi 3,600. Ada ya ukaguzi haivuki pauni 54.85, na ikilipwa mara 12 inafika 658.20. Kama gari linaingia London, kuna tozo ya hewa safi ya pauni 12.50 kwa siku, ambayo magari ya kihistoria hayatozwi. Siku 50 kwa mwaka ni pauni 625 nyingine. Nakala ya kumbukumbu inayoweza kumaliza ubishi wote huo hugharimu makumi ya pauni.

Hata hivyo wanunuzi wengi huanza na matairi, rangi na turubai, na karatasi huitafuta mwishoni, wakati muuzaji amekwishaondoka na hadithi yake. Naona utaratibu huo umepinduliwa. Gari la jeshi lisilo na mlolongo wa tarehe na vikosi ni gari kuukuu la kijani, hata likipendeza vipi. Mlolongo huo ndio unaolifanya kuwa kipande cha historia, na kuupata kunawezekana kwa fedha kidogo na subira.

Namba inavyosomeka

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, magari ya jeshi la Uingereza yaliandikwa herufi moja ikifuatiwa na tarakimu. Herufi ilitaja aina ya gari: L kwa malori, Z kwa magari madogo ya mizigo, M kwa magari madogo ya abiria, C kwa pikipiki, A kwa ya wagonjwa, F kwa magari ya deraya, T kwa vifaru. Mwaka 1949 ukaja mfumo mpya wa tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili.

Jozi moja ya herufi katika mfumo huo ina nafasi 100 mbele na 100 nyuma, yaani namba 10,000. Linganisha kiasi hicho na idadi ya magari yaliyoundwa:

- Saladin, gari la deraya lenye mzinga: 1,177
- Saracen, la kubebea askari: 1,838
- Land Rover 101, iliyoundwa kuvuta mizinga: 2,669
- Ferret, la upelelezi: 4,409
- Land Rover Wolf ya miaka ya 1990: karibu 8,000

Saladin zote zilizowahi kuundwa, pamoja na zilizouzwa nje, zingejaza asilimia 12 tu ya jozi moja. Ferret zisingefika nusu. Hata Wolf, agizo kubwa kwa kipimo cha Uingereza, ingebakiza moja ya tano.

Maana yake ni kwamba mtafiti anatafuta katika eneo dogo. Namba zilitolewa kwa mafungu kulingana na mikataba ya ununuzi. Magari ya mkataba mmoja yalipata namba zinazofuatana, na chasisi zake nazo kwa kawaida zilikaribiana. Ukijua fungu la mkataba, unajua pia namba zisizoweza kuwamo. Land Rover ikiwa na namba iliyo katika fungu la malori, kuna mtu aliyeipaka namba asiyoihusu.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanunuzi wapya: namba ilitolewa kwa gari, haikutolewa kwa kikosi. Gari lilihama nayo kutoka kambi hadi kambi. Kwa hiyo namba peke yake haiwezi kukuambia gari lilikuwa wapi. Inakufungulia mlango wa kumbukumbu tu.

Kadi na mahali inapokaa

Jeshi liligawa magari katika makundi matatu. Kundi A ni vifaru na magari ya deraya. Kundi B ni yasiyo na deraya, kama Land Rover, malori na pikipiki. Kundi C ni mitambo ya ujenzi. Mgawanyo huu ndio unaoamua uandike barua wapi kuomba kadi ya kumbukumbu ambayo jeshi liliiandikia kila gari. Kwa kundi A, mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Vifaru, Bovington, katika jimbo la Dorset. Kwa kundi B, ni makumbusho ya Kikosi cha Kifalme cha Ugavi, ambayo yalikuwa Deepcut na sasa yako Worthy Down, karibu na Winchester. Kwa Land Rover kuna pia Makumbusho ya Magari ya Uingereza, Gaydon, yanayotoa cheti kutokana na vitabu vya kiwanda: lini gari liliundwa, lini lilitoka na lilipelekwa kwa nani.

Kadi yenyewe haina mapambo. Upande mmoja una namba ya usajili, chasisi, injini, aina ya gari, namba ya mkataba na tarehe ya kuingia kazini. Upande mwingine una safu za tarehe na majina ya vikosi au bohari, kila mstari ukiandikwa gari lilipokabidhiwa. Mstari wa mwisho ni wa kuondolewa kwenye orodha na kupelekwa kuuzwa. Kwa miongo mingi mauzo hayo yalimaanisha minada ya Ruddington, Nottinghamshire, ambako magari yalipangwa kwa safu na kuuzwa kwa namba ya fungu.

Siri ya kadi imo katika nafasi kati ya tarehe. Ikiwa mstari mmoja unasema bohari ya Ashchurch na unaofuata umeandikwa miaka minne baadaye, gari lilikaa ghalani miaka minne. Wengi huvunjika moyo wakiona hivyo, na mimi naona hawana sababu. Jeshi linalojiandaa kwa vita vikubwa huweka akiba, na gari lililosubiri bohari lilitimiza kazi lililonunuliwa kuifanya. Miaka hiyo pia hueleza kwa nini chuma chake ni kizima na kilomita zake ni chache.

Kadi hizo hutaja pia vituo vya nje, na hapo kila dai lazima lipimwe kwa tarehe. Anayesema Land Rover yake ilikuwa Kenya wakati wa hali ya hatari anazungumzia kati ya 1952 na 1960. Kwa kuwa agizo la kwanza kubwa la Land Rover kwa jeshi, karibu magari 1,900, lilitolewa 1949, dai hilo linawezekana, lakini si kwa gari lililoundwa 1968. Anayetaja Nanyuki baada ya uhuru anazungumzia mazoezi ya kijeshi, ambayo ni utumishi wa aina nyingine kabisa. Mahali panaweza kuwa pamoja na historia zikawa mbili, na kinachozitenganisha ni mwaka.

Dai la vita na hesabu yake

Hakuna kinachopandisha bei haraka kuliko sentensi "gari hili lilipigana Falkland". Kabla ya kulipia sentensi hiyo, piga hesabu.

Kampeni ya nchi kavu ya Uingereza katika visiwa vya Falkland ilianza 21 Mei 1982 na kumalizika 14 Juni, siku 25. Askari wa Uingereza waliotua walikuwa karibu 10,000. Hiyo ni sawa na miaka 685 ya utumishi wa mtu mmoja. Sasa tazama Ujerumani Magharibi, ambako Uingereza ilikuwa na ahadi ya kuweka askari 55,000 wakati wa Vita Baridi. Muongo mmoja tu wa huko ni miaka 550,000 ya utumishi. Uwiano unakaribia 800 kwa 1.

Hesabu hii ni ya watu, na magari hayagawanywi sawasawa na watu. Tena ardhi ya Falkland ni tope na mboji, mahali ambapo gari la magurudumu halikuwa na kazi kubwa. Kwa hiyo uwiano wa magari hauwezi kuwa mzuri zaidi kwa muuzaji. Gari la kawaida la jeshi la Uingereza la zama hizo lilikwenda mazoezini Ujerumani, likarudi karakana, likaenda bohari. Anayedai vingine ndiye mwenye wajibu wa kuleta karatasi, na mnunuzi hana sababu ya kuona haya kuidai.

Mfano wa 06 BA 16

Mlolongo kamili unavyofanya kazi unaonekana vizuri katika kifaru kimoja aina ya Centurion. Kiliundwa 1951 katika kiwanda cha serikali cha Barnbow, Leeds, kikapewa namba 06 BA 16. Mwaka 1952 kikauzwa kwa Australia chini ya mkataba namba 2843, na huko kikapata namba 169041. Tarehe 15 Oktoba 1953 kiliwekwa chini ya mita 500 kutoka mahali Uingereza ilipolipua bomu la nyuklia la kilotani 9.1, Emu Field, injini ikiunguruma. Kifuniko cha kitambaa kwenye mzinga kiliungua, bamba za ubavuni zikarushwa mbali, vioo vya kutazamia vikakwaruzwa na mchanga. Injini ilikutwa imezimika kwa sababu mafuta yalikuwa yamekwisha. Kifaru kiliondoka pale kwa nguvu zake chenyewe.

Baadaye kikapelekwa Vietnam, na Mei 1969 kikapigwa roketi na kuendelea kuwa na uwezo wa kupigana. Baada ya kustaafu kilikuja kutunzwa katika kambi ya jeshi huko Darwin.

Simulizi hilo lingesikika kama porojo za mnadani kama lisingekuwa na namba mbili, mkataba mmoja na tarehe zinazoshikana. Zaidi ya Centurion 4,000 ziliundwa, na kwa macho matupu zinafanana sana. Kilichokitofautisha hiki kimoja na nyingine zote ni watu waliokuwa wakiandika kila kilipohama.

Chuma nacho ni shahidi

Pale karatasi inapokatika, gari lenyewe hutoa ushahidi. Anza na kibati cha chuma kilichopigiliwa ndani. Kina namba ya mkataba, na mara nyingi namba ya ugavi ya NATO yenye tarakimu 13: nne za kwanza ni aina ya kifaa, mbili zinazofuata ni nchi. Uingereza ni 99. Kisha tafuta chasisi. Kwenye Land Rover za Series II na III namba hupigwa mbele upande wa kulia, kwenye mkono unaoshika springi, chini ya tope na rangi. Injini isikutie shaka ikiwa namba yake hailingani na kadi. Karakana za jeshi, kama ile ya Donnington, zilibadilisha injini kama kazi ya kawaida.

Angalia pia umeme. Gari la volti 24 lenye nafasi za betri kati ya viti na mahali pa antena mbele liliundwa kubeba redio, na hilo hupunguza orodha ya kazi lilizoweza kufanya.

Rangi inahitaji mkono mwepesi. Ukisugua taratibu kwa msasa laini wenye maji pembeni mwa mlango, tabaka hutokea moja baada ya jingine kama pete za mti: kijani kisichong'aa chenye mabaka meusi cha miaka ya 1970 na baadaye, chini yake kijani kizito kinachong'aa cha miaka ya 1950 na 1960. Pengine katikati kuna nyeupe ya Umoja wa Mataifa, au rangi ya mchanga. Penye tabaka hizo ndipo hutokea vivuli vya namba za zamani na alama za vikosi. Piga picha kila tabaka kabla ya kuendelea, maana msasa ukipita hakuna wa kurudisha. Anayepeleka gari moja kwa moja kupigwa mchanga hadi chuma cheupe anachoma kumbukumbu ambayo haina nakala.

Pengo la kompyuta

Kadi za karatasi zina mwisho. Katika miaka ya 1980 kumbukumbu zilianza kuhamia kwenye kompyuta, na mwenye gari la zama hizo huenda akaambiwa na makumbusho kwamba kadi haipo. Njia iliyobaki ni kuiuliza Wizara ya Ulinzi kwa sheria ya uhuru wa habari, iliyoanza kutumika 1 Januari 2005. Kuomba ni bure na jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi. Ukomo ni pauni 600 za gharama za kutafuta, na saa moja huhesabiwa pauni 25, kwa hiyo mtumishi ana saa 24 za kulishughulikia ombi lako. Ombi la "historia ya magari yote ya kikosi fulani" litakataliwa kwa kuvuka kiwango hicho. Ombi la namba moja, chasisi moja na miaka michache lina nafasi ya kujibiwa.

Kwa anayetaka kununua, basi, mpangilio ni huu: soma kibati na chasisi kwanza, hakikisha namba iko ndani ya fungu la mkataba wake, agiza kadi au cheti cha kiwanda, kisha ndipo ujadili bei. Gari lisilo na ushahidi lilipiwe kama gari lisilo na ushahidi.

Na kwa walio na magari haya tayari, kuna deni. Makumbusho haya yanatunza kadi nyingi kwa bajeti ndogo, na kadi iliyopotea haiwezi kukisiwa upya kwa akili wala kwa mashine. Nyuma ya kila mstari kulikuwa na askari aliyeendesha, fundi aliyefungua boneti na karani aliyeandika tarehe, na wengi wao hawakuacha maandishi mengine ya kazi yao. Lipia nakala hata kama tayari unaijua historia ya gari lako. Peleka pia picha za tabaka za rangi na vibati kwenye makumbusho, zihifadhiwe pamoja na kadi. Mtafiti wa baada yetu atazihitaji kuliko atakavyoihitaji rangi mpya.