Simu ya Bei ya Juu: Je, Nyongeza ya Gharama Ina Thamani Yake?

Swali tunaloulizwa na watumiaji mara kwa mara ni hili: je, simu janja ya daraja la juu inastahili fedha za ziada anazodai muuzaji, au simu ya daraja la kati yatosha? Hili si swali la anasa. Hapa nchini simu ni pochi, ni daftari la mfanyabiashara, na ni njia ya mzazi kulipa ada na kupata habari za mtoto aliye shule ya bweni. Tofauti ya bei kati ya simu mbili zilizopangwa katika kabati moja la dukani huweza kulingana na mtaji wa genge au ada ya muhula. Kwa hiyo mnunuzi akichagua vibaya, hasara yake haiishii kwenye simu.

Makala hii haimwelekezi msomaji kununua chapa fulani wala kuiepuka nyingine. Inaeleza namna ya kuipima nyongeza ya bei kabla ya kuilipa. Msimamo wetu ni mfupi: lipia miaka ambayo simu itadumu ikiwa salama, na lipia kazi unayoifanya nayo kila siku. Sifa ambayo huwezi kuitaja matumizi yake, usiilipie.

Nyongeza ya bei hununua nini?

Tuchukue mfano wa simu mbili zilizotoka pamoja mwezi Septemba 2023: iPhone 15 na iPhone 15 Pro. Nchini Marekani ya kwanza ilianza kuuzwa kwa dola 799 na ya pili kwa dola 999. Zote mbili zina kioo cha inchi 6.1, zote zina kamera kuu ya megapikseli 48, na zote huchajiwa kwa waya wa aina ya USB-C.

Zile dola 200 za ziada zilinunua nini? Fremu ya titani badala ya alumini. Prosesa yenye kasi zaidi. Kamera ya tatu inayovuta vitu vya mbali mara tatu. Na kioo kinachoweza kubadilisha picha hadi mara 120 kwa sekunde badala ya mara 60, hivyo maandishi huteleza kwa ulaini zaidi unapoyapandisha na kuyashusha. Anayepiga picha za harusi kwa malipo, au anayehariri video ndani ya simu, ataiona faida ya mambo hayo katika kazi yake. Lakini kwa anayepiga simu, anayetuma fedha, anayesoma ujumbe na kupiga picha za familia, simu hizo mbili hufanya kazi ileile kwa kiwango kinachokaribiana sana.

Huu ndio mtihani wa kwanza. Mwombe muuzaji akutajie, sifa kwa sifa, kile ambacho simu ghali inacho na simu nafuu haina. Kisha jiulize: katika wiki iliyopita, ni mara ngapi ningeihitaji sifa hii? Ikiwa jibu ni kwamba hukuihitaji hata mara moja, nyongeza hiyo ni ya fahari. Fahari si kosa, ila mtu ainunue akijua kwamba ndiyo anayoinunua.

Umri wa simu hauanzi siku uliyoinunua

Jambo lenye uzito kuliko kamera ni masasisho ya usalama, ambayo wengi huyaita apdeti. Haya ni marekebisho ambayo mtengenezaji huyatuma kwenye simu kupitia intaneti ili kuziba mianya ambayo wahalifu huweza kuipitia. Masasisho yakikoma, simu huendelea kuwaka na kupiga kama kawaida, lakini mianya mipya haizibwi tena. Kwa mtu ambaye akiba yake imo katika simu, hilo si jambo dogo. Baada ya muda, programu nazo huanza kuikataa simu hiyo. Mwezi Mei 2025, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus, simu ambazo zamani zilikuwa za bei ya juu kabisa.

Kwa muda mrefu hii ndiyo iliyokuwa hoja kubwa ya kununua simu ghali: zilisasishwa kwa miaka mingi, ilhali za bei nafuu ziliachwa mapema. Hoja hiyo bado ina nguvu, lakini pengo limepungua. Galaxy S24 ya Samsung, iliyotoka Januari 2024, iliahidiwa masasisho kwa miaka saba, yaani hadi mwaka 2031. Galaxy A16 ya kampuni hiyohiyo, ambayo ni ya bei ya chini sana ikilinganishwa na S24, ilitoka mwishoni mwa mwaka huohuo ikiwa na ahadi ya miaka sita, yaani hadi mwaka 2030. Hata hivyo, si kila simu nafuu ina ahadi ya namna hii. Zipo zenye miaka miwili tu, na zipo ambazo mtengenezaji wake hasemi lolote. Jambo hili liulizwe kwa kila toleo peke yake.

Miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipoingia sokoni, wala si tangu ulipolipa. Galaxy S21 ilitoka Januari 2021, na masasisho yake ya usalama yaliahidiwa kwa hadi miaka mitano, yaani hadi mwaka 2026. Anayenunua S21 iliyotumika kwa kuwa "ilikuwa simu kubwa" hupata simu yenye umri mfupi uliobaki kuliko anayenunua A16 mpya. Umaarufu wa simu siku ilipozinduliwa haumlindi mnunuzi wa leo.

Gawa bei kwa miezi

Njia nyepesi ya kulinganisha simu ni kugawa gharama yake kwa miezi utakayoitumia. Tuchukue bei za mfano:

• Simu ya kwanza: shilingi 600,000, itumike miaka mitatu. Gharama yake ni takriban shilingi 16,700 kwa mwezi.

• Simu ya pili: shilingi 1,200,000, itumike miaka sita. Gharama yake nayo ni takriban shilingi 16,700 kwa mwezi.

• Simu ya tatu: shilingi 2,400,000, itumike miaka sita. Gharama yake ni takriban shilingi 33,300 kwa mwezi.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, bei ya juu si lazima iwe ghali: simu ya pili inauzwa mara mbili ya ile ya kwanza, lakini kwa mwezi gharama ni ileile. Pili, faida hiyo hupatikana tu ikiwa simu itatumika miaka yote iliyokusudiwa. Anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili hana sababu ya kulipia miaka saba ya masasisho, isipokuwa ana uhakika wa kuiuza kwa bei nzuri.

Ongeza katika hesabu gharama za matunzo. Betri huzeeka. Apple inaeleza kwamba betri ya iPhone 15 imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000 katika mazingira yanayofaa. Kwa iPhone 14 na za kabla yake, ni mara 500. Anayechaji mara moja kwa siku hufikisha mara 1,000 kabla ya miaka mitatu kutimia. Kwa hiyo anayepanga kukaa na simu miaka sita aweke kando fedha za betri nyingine. Aulize pia bei ya kioo, na kama fundi wa mjini kwake anaweza kukipata kilicho halisi. Kioo cha simu ya daraja la juu chaweza kugharimu kiasi cha kutosha kununua simu nyingine ndogo.

Hatimaye, fikiria wizi na ajali. Simu ya shilingi 2,400,000 ikiporwa mtaani baada ya miezi minane, kila mwezi wa matumizi umegharimu shilingi 300,000. Ile ya shilingi 600,000 ikipatwa na balaa hilohilo, imegharimu shilingi 75,000 kwa mwezi. Anayesafiri kila siku kwa daladala au bodaboda akiwa na simu mkononi aitie hatari hii katika uamuzi wake.

Sifa zinazohitaji kuangaliwa mara mbili

*Mtandao wa 5G.* Huduma hii ilianza kutolewa kibiashara nchini mwaka 2022, na simu ya 5G huifaidi pale tu penye mnara wa 5G. Kabla ya kuilipia, uliza mtoa huduma wako kama imefika unakoishi na unakofanyia kazi. Penye 4G pekee, simu ya 5G itatumia 4G.

*Kuzuia maji.* Alama ya IP68 hutokana na vipimo vya maabara katika maji safi yaliyotulia. Kwa iPhone 15, ni kina cha mita sita kwa dakika 30. Si ruhusa ya kuogelea na simu baharini. Uwezo huo hupungua kadiri simu inavyotumika, na dhamana ya Apple haihusishi uharibifu unaotokana na maji.

*Nafasi ya kuhifadhi.* Hapa nyongeza ya fedha mara nyingi ina maana. iPhone hazina nafasi ya kuweka memori kadi, na simu za Galaxy S haziinayo tangu S21. Anayehifadhi video nyingi achague nafasi ya kutosha mwanzoni, kwa kuwa hataweza kuiongeza baadaye. Simu kadhaa za bei nafuu, ikiwemo A16, bado zinapokea kadi.

*Megapikseli.* Idadi kubwa haimaanishi picha nzuri. Ukubwa wa kihisio cha kamera, ubora wa lenzi na uwezo wa programu ndivyo vinavyoamua, hasa usiku. Piga picha dukani, penye mwanga hafifu, uilinganishe na ya simu ya pili.

*Akili mnemba.* Uliza kama inafanya kazi kwa lugha unayoitumia. Huduma ya akili mnemba ya Apple ilipoanza Oktoba 2024 ilitumia Kiingereza cha Marekani pekee. Usilipie leo ahadi ya kesho.

Simu ya mkopo na simu kutoka nje

Mkopo hufanya simu ghali ionekane rahisi, kwa kuwa mnunuzi hutajiwa malipo ya siku badala ya bei kamili. Tuseme simu inauzwa taslimu shilingi 650,000. Kwa mkopo, unatanguliza shilingi 100,000, kisha unalipa shilingi 2,500 kila siku kwa siku 365. Jumla ni shilingi 1,012,500, yaani shilingi 362,500 zaidi ya bei ya taslimu. Piga hesabu hii kabla ya kuweka saini, na usome mkataba unasema nini endapo utachelewa, kwa sababu simu nyingi za mkopo hufungwa kwa mbali malipo yakikatika. Mwenye biashara inayotegemea simu ajiulize itakuwaje simu ikifungwa siku ya soko.

Kwa simu inayotumwa na ndugu aliye nje, chunguza mambo matatu. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 hazina sehemu ya kuweka laini. Hutumia eSIM pekee, hivyo hakikisha mtoa huduma wako anaitoa. Baadhi ya simu za nje zimefungwa kwenye mtandao wa kampuni ya huko. Na simu iliyotumika yaweza kuwa bado imeunganishwa na akaunti ya mwenye nayo wa awali. Asipoiondoa, hutaweza kuitumia.

Kabla ya kulipa

1. Andika kazi tatu unazozifanya zaidi kwa simu. Simu nafuu zaidi inayozifanya vizuri ndiyo ya kuanzia.

2. Uliza toleo lilitoka mwezi na mwaka gani, na masasisho ya usalama yataisha lini. Thibitisha katika tovuti ya mtengenezaji.

3. Gawa gharama yote kwa miezi utakayoitumia. Jumlisha chaja, kwani simu nyingi za daraja la juu siku hizi huuzwa bila chaja.

4. Bonyeza *#06# upate namba tambulishi ya simu yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama inalingana na aina ya simu uliyoishika. Simu bandia zilizimwa nchini tarehe 16 Juni 2016, na bei kubwa haithibitishi kuwa simu ni halisi.

5. Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi inayotaja muda, mambo yanayohusika, na mahali pa kupeleka simu ikiharibika. Ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha wakati wa malalamiko.

6. Ukiwa bado unasitasita, ondoka dukani ukalale na uamuzi huo. Kwa kawaida bei ya simu hushuka kadiri toleo linavyozeeka. Mnunuzi mwenye subira hapungukiwi sana.

Mtumiaji aliyejibu maswali haya akanunua simu ya daraja la juu hajafuja fedha zake, na aliyeyajibu akachukua ya daraja la kati hajajinyima kitu. Wote wawili wamejua wanacholipia, na hiyo ndiyo haki ya kwanza ya mtumiaji.