Kabla ya kusema dawa ni ya uongo, pima kwanza pompi

Mvua ikikaza kule Lubero na Masereka, mildiu inaingia katika viazi, na maneno yanakuwa yaleyale: "Nilipiga dawa mara tatu, majani yakaungua tu. Ile dawa ni ya uongo." Hatukatai, dawa ya uongo iko sokoni. Lakini kabla ya kushuka Butembo kugombana na muuzaji, wanamemba waangalie kwanza kile kitu wanachobeba mgongoni. Inawezekana dawa ni nzuri kabisa, ila pompi haipigi pale inapaswa kupiga.

Dawa kama mankozebu haiingii ndani ya jani wala haitembei katika mti. Inakaa juu tu, kama koti. Mahali tone halikufika, hakuna ulinzi, na mildiu itapita palepale. Upande wa chini wa jani, penye unyevu, ndiko inapenda kuzalia. Sasa pompi inayotupa maji upande mmoja ni sawa na kumvalisha mtoto koti la mkono mmoja halafu kushangaa akikohoa.

Basi tunapima hivi. Osha pompi vizuri, tia maji safi litre tano, bila dawa. Piga mpini mpaka usikie umekuwa mgumu, kisha elekeza fimbo kwenye udongo mkavu au ukuta mkavu. Usiangalie nguvu kwanza, angalia umbo. Mdomo wa pompi (kale kadude ka mwisho wa fimbo kenye tundu) wa kupigia majani ya viazi, kabichi au nyanya unapaswa kutoa ukungu wa mviringo, uliosambaa sawasawa pande zote. Ukiona mstari mzito upande mmoja, au matone makubwa yanayoanguka kama mvua ya mwisho, au maji yanatiririka kwenye shingo ya mdomo, hapo pana shida.

Shida iko kwenye mdomo ama mahali pengine? Azima mdomo mpya, hata wa jirani, uufunge kwenye pompi yako. Umbo likinyooka, mdomo wako njo mgonjwa. Likibaki vile vile, acha mdomo, rudi nyuma kwenye fimbo na pampu yenyewe.

Mdomo ulioziba unaoshwa na maji na brashi laini ya meno. Usichomeke sindano, waya wala mwiba: tundu likikwaruzwa kidogo tu, halitapiga tena sawa, na hakuna fundi atakayelirudisha. Wala usipulize kwa kinywa. Tunaona wengi bado wanafanya hivyo, na ni kama kulamba dawa.

Kuna mdomo mwingine ambao haukuziba, umbo lake linaonekana zuri, lakini tundu limekula. Huu ndio unaokula pesa kimyakimya. Chukua saa ya telefone na chupa yenye alama za mililitre. Piga mpini kwa mwendo uleule wa shambani, kinga maji kwa dakika 1, andika. Rudia mara tatu. Fanya vile vile na mdomo mpya wa aina ileile. Kama wa zamani unatoa zaidi ya mpya kwa sehemu 10 kwa 100, utupe. Mfano: mpya unatoa mililitre 800, basi mpaka wako ni 880. Kama wako sasa unatoa litre nzima, shamba lililokuwa linamaliza pompi 8 litamaliza 10, ukitembea mwendo uleule. Pompi 2 za dawa zimekwenda bure, kwa sababu ya kadude kamoja tu.

Kwa nini tundu linakula? Mankozebu ni unga, na unga unasugua kama mchanga mwembamba. Maji ya mto yasiyochujwa yanaongeza. Mdomo wa shaba unaonekana imara lakini unakula mbio. Wa seramiki unadumu kuliko yote. Kila unapojaza, pitisha maji kwenye chujio la mdomo wa tanki, na kama lilipasuka, weka kitambaa safi.

Sasa upande wa nguvu. Mpini ukiwa laini, haushiki, angalia mpira wa pistoni: umekauka ama umepasuka. Safisha pia valvu, mara nyingine punje ya mchanga inaizuia kufunga. Ukungu ukija na kupotea kila unapovuta mpini, chumba cha hewa hakishiki presha. Mpini mgumu lakini maji hayatoki? Kuna kilichoziba, anza na kachujio kalikomo ndani ya mshikio wa fimbo. Na kuna moja ambayo watu wanasahau: katundu ka hewa kwenye kifuniko cha tanki. Kakiziba, hewa haiingii, na maji yanapungua polepole hata kama kila kitu ni kizima.

Pompi inayovuja mgongoni haitengenezwi katikati ya kazi. Ivue, nawa kwa sabuni, badilisha nguo, ndipo utafute raba.

Pompi ikishapona, pima na mtu, kwa kuwa miguu pia inapotosha. Pima kipande cha metre 10 kwa 10, tia maji safi yaliyopimwa, tembea kama kawaida. Ukitumia litre 4, basi pompi ya litre 15 inatosha metre mraba 375. Hapo ndipo kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ya dawa kinapata maana.

Kwa wenye kakao upande wa Beni, kazi ni ileile: ugonjwa unaoozesha maganda ni wa jamii moja na mildiu ya viazi, na dawa za shaba za kuukinga nazo zinafanya kazi pale tu zinapogusa.

Pompi iliyopigia dawa ya kuua majani isiguse viazi, hata ukiosha mara tatu. Kooperative yenye pompi mbili iandike moja kwa rangi, ibaki ya majani tu.

Mkienda kununua midomo, nendeni kwa pamoja na mchukue ile ya zamani mkononi. Katika midomo inayofuata kipimo cha kimataifa, rangi inaonyesha ukubwa wa tundu: ya njano inatoa mililitre 800 kwa dakika kwa presha ya bari 3, ya buluu 1,200. Pompi ya mgongoni mara nyingi haifiki presha hiyo, kwa hiyo itatoa chini kidogo. Nunueni rangi moja kwa kikundi chote, mubakize mmoja mpya ndani ya sanduku la kooperative, usipige dawa kamwe, uwe wa kulinganishia.