Fahamu: Kwa nini daktari wa mifugo anafundishwa ustawi wa wanyama

Punda mwenye kidonda mgongoni akipakwa dawa tu, kidonda kitarudi. Chanzo ni mkokoteni: matandiko yanayokwaruza, mzigo ulioegemea upande mmoja. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo asiyefundishwa kuliona hilo atatibu jeraha lile lile mwaka mzima.

Msingi wa somo hili ni uhuru wa aina tano, wenye mizizi katika ripoti ya Kamati ya Brambell ya Uingereza ya 1965: mnyama asiteseke kwa njaa na kiu, makazi mabovu, maumivu na maradhi, wala hofu, tena aachwe aishi kwa tabia yake ya asili. Huo wa mwisho ndio tunaousahau zaidi. Kuku, kwa mfano, hupenda kuparura ardhi.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Lakini mwenye punda hasomi vifungu. Humsikiliza kijana aliyeinama naye kukagua kwato, akamwonyesha pa kuweka gunia laini. Kwa hiyo mafunzo ya vijijini na sokoni yana uzito sawa na ya darasani. Hata kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa aliyeshikwa kwa upole mwaka huu ataletwa tena mwakani.