Ramani za malalamiko ya wakaaji: kila swali la ziada lina bei yake

Mkaaji wa Goma anayetuma ujumbe kwamba robine ya kartie yake imekauka anaacha nukta moja kwenye ramani ya intaneti. Nukta inaonyesha mahali tu. Haisemi maji yamekatika tangu lini, ni nyumba ngapi zinakosa maji, wala kama akina mama wanakwenda kuchota ziwani ama wananunua kwa bidoni. Ili kujua hayo, wanaosimamia ramani huongeza maswali.

Programu inayojulikana sana katika kanda hii ni Ushahidi, iliyoanzishwa Kenya mwezi wa kwanza 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwisho wa mwaka huo huo, waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda walipokaribia Goma, ramani kama hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya Kongo. Fomu ya wakati ule ilikuwa fupi: kitu gani, lini, wapi. Siku hizi msimamizi anajitungia maswali mwenyewe: ya kuandika jibu, ya tarakimu, ya tarehe, ya kuchagua katika orodha, hata ya kutuma picha. Anaamua pia lipi ni la lazima.

Kuyaweka kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Kuyachagua ndiyo shida. Swali la lazima ambalo mtu hana jibu lake litamfanya aache fomu njiani, ama ajibu lolote ili apite. Na mtu wa Masisi au Lubero anayetafuta mtandao juu ya kilima hatamaliza unite zake kwa maswali ishirini. Kwa sehemu hizo, wengi hutumia KoboToolbox, inayohifadhi majibu ndani ya simu na kuyatuma mtandao ukirudi.

Orodha za kuchagua zinapendwa na ofisi kwa sababu zinahesabika upesi. Lakini Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2.287 hapa mashariki, ilionyesha upungufu wake. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu waliandika maneno ya wakaaji jinsi yalivyosemwa: uvumi, maswali, hasira. Familia zilishuku kwamba ndani ya mfuko wa maiti hamna ndugu yao, ama viungo vyake vimetolewa. Malalamiko hayo yalifanya waanze kutumia mifuko inayoonyesha ndani. Nani ofisini angefikiri kuandika jibu la namna hiyo katika orodha? Walau swali moja libaki wazi.

Lugha nayo inadanganya. Neno la Kifaransa « ménage » likiandikwa « jamaa », mtu anaweza kuhesabu hata wajomba walio kijijini. Ukimwuliza ni wangapi wanakula kwenye chungu kimoja, hesabu inakuwa nyingine.

Halafu kuna hatari. Jina, kabila, kundi lenye silaha lililopita kijijini: katika majimbo ambamo mji unaweza kubadilisha mikono kwa siku chache, kama Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, jibu la leo linaweza kumtafutisha mtu kesho. Ushahidi inaruhusu kuficha jina, saa na mahali kamili, na kuacha majibu fulani yaonekane na wasimamizi pekee. Ila kilichofichwa hakikufutwa. Kinabaki mikononi mwa anayeshika neno la siri. Swali lisilo na kazi ya wazi ni afadhali lisiulizwe kabisa.

Kosa lingine halionekani mara moja. Swali likiongezwa katikati ya kazi, ripoti za zamani hazina jibu lake. Anayezihesabu pamoja na mpya atasema kwamba wakaaji wengi hawana tatizo hilo, kumbe hawakuulizwa. Ndiyo maana wenye uzoefu huandika tarehe ya kila badiliko, na kabla ya kufungua fomu kwa wote huijaribisha kwanza kwa watu wachache wa kartie yenyewe, kwa simu zao za kila siku.