Kutafuta Maneno Ndani ya Herufi

Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa. Mtoto akizijua silabi zake, aweza kusoma neno asilopata kuliona, na kuliandika neno alilolisikia mara moja tu. Kiingereza sivyo kilivyo. Ndani yake mna herufi zinazoandikwa wala hazisikiki, na sauti moja huandikwa kwa namna nyingi. Kwa hiyo anayelitegemea sikio peke yake hukosea mara kwa mara. Na kosa hilo si dogo, kwa kuwa mtoto atokaye shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili huingia sekondari, na huko huikuta jiografia, hesabu na elimu ya viumbe katika vitabu vya Kiingereza. Asiyezizoea herufi za lugha hiyo huwa kama mgeni aingiaye nyumba yenye giza.

Uko mchezo uzoezao jicho, nao hauhitaji fedha. Huchaguliwa neno moja, kisha wachezaji hutafuta maneno ya Kiingereza yawezayo kuundwa kwa herufi zake. Sheria ni moja: herufi isitumiwe mara nyingi kuliko ionekanavyo katika neno lile la kwanza. Watoto wa Mkoa wa Mara waweza kuanza na majina ya kwao: MUSOMA, BUNDA na BUTIAMA.

Asiye na utaratibu huyatazama majina hayo kitambo, akaona neno moja au mawili, akachoka. Mwenye utaratibu hushika konsonanti moja, akaijaribu pamoja na kila irabu iliyopo. Katika BUNDA irabu ni U na A. Basi, B pamoja na A hutoa BAD, yaani baya, na BAND, yaani kundi la wapiga muziki. B pamoja na U hutoa BUD, yaani tumba la ua, na BUN, yaani mkate mdogo wa duara. Akiisha B huendelea na N, kisha D. Vivyo hivyo MUSOMA hutoa SUM, yaani jumla, na MUM, yaani mama, kwa maana M zimo mbili. BUTIAMA hutoa BAT, popo; MAT, mkeka; TUB, beseni; na BAIT, chambo, neno liwafaalo sana wavuvi wa ziwani. Lakini BUTT halikubaliwi, kwa kuwa T ni moja tu.

Tazama sasa jambo la ajabu. Katika majina yale matatu hamna hata E moja, na E ndiyo herufi itumikayo kupita zote katika Kiingereza. Kwa Kiswahili itumikayo kupita zote ni A, na majina yote matatu huishia kwa A. Mmarekani mmoja, Alfred Butts, mchora ramani za majumba aliyepotewa na kazi, alizihesabu herufi katika kurasa za magazeti miaka ya 1930 ili atunge mchezo wa maneno. Mchezo huo, ulioitwa Scrabble tangu 1948, una vipande 100 kwa Kiingereza. Kati ya hivyo E ina 12, na Q ina kimoja tu.

Basi E ikiongezwa katika MUSOMA, hutoka SOME, SAME, MOUSE na AMUSE. Ikiongezwa katika BUNDA, hutoka BEAN, BEND na DUNE. Tena mara nyingi E hukaa kimya mwisho wa neno. Haitamkwi, lakini hugeuza sauti ya irabu iliyotangulia. MAT ni mkeka, MATE ni mwenzi. BIT ni kipande, BITE ni kuuma. TUB ni beseni, TUBE ni mrija. Sikio haliisikii E hiyo, jicho huiona.

Q na X hazimo katika alfabeti ya Kiswahili. Q karibu siku zote hufuatwa na U, kama katika QUEEN na QUICK. Atakaye neno lenye X na ayasikilize maneno yaliyokwisha kuingia katika Kiswahili: boksi ni BOX, teksi ni TAXI. Lakini na ajihadhari, maana soksi haina X, huandikwa SOCKS. Hapo kamusi ndiyo mwamuzi, na neno lisilomo halihesabiwi.

Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Baadaye alizitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza ilitolewa 1963, ikatolewa tena 1969 kwa jina Juliasi Kaizari; ya pili ni Mabepari wa Venisi, ya mwaka huo wa 1969. Tazama jinsi CAESAR lilivyokuwa Kaizari: C ikawa K, S ikawa Z, herufi zikafuata sauti. Aliyeyafanya hayo alizijua vema njia za lugha zote mbili.

Haba na haba hujaza kibaba. Apataye maneno matano kila jioni, akayaandika daftarini pamoja na maana zake, atakuwa na maneno 150 kwa mwezi. Na aanze leo: katika BUTIAMA pamoja na E limo neno lenye maana ya nyama, na jingine lenye maana ya wakati.