Kabla ya Mimba (Sehemu ya 4): Mgongo Hufungwa Mama Hajui

Makala ya leo ilikuwa iwe ya vipimo: wingi wa damu, sukari, seli mundu na vingine nilivyoahidi Jumamosi iliyopita. Lakini Uingereza imenichokoza. Wenzetu wale wametunga sheria ya kuwataka wenye viwanda vya kusaga ngano waongeze asidi ya foliki kwenye unga uliokobolewa, na utekelezaji umepangiwa mwishoni mwa mwaka 2026. Wengi wataipita habari hiyo kama habari ya mkate wa watu. Mimi nimeisoma mara tatu. Jambo hili nimelifuatilia tangu nilipokuwa nafundisha baiolojia, na najua kwamba utafiti uliomaliza ubishi kama asidi hiyo humkinga mtoto na mgongo wazi uliongozwa kutoka Uingereza hiyo hiyo, mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wake.

Tulipoishia, yai lilikuwa limeshajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Kufikia wiki ya tatu, kile kitakachokuwa mtoto ni kipande bapa, kama punje ya ulezi hivi. Katikati ya mgongo wake hujitokeza mfereji. Kingo zake mbili huinuka, huinamiana, hukutana na kushikana, mithili ya mkeka unaokunjwa kutoka pande zote mbili. Bomba linalopatikana hapo ndilo ubongo na uti wa mgongo. Kingo zisipokutana upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Zisipokutana juu, fuvu na ubongo havikui inavyopasa, na mtoto huyo haishi. Wengi wenye mgongo wazi hujaa maji kichwani pia, ndiyo maana huku kwetu maradhi hayo hutajwa kwa pumzi moja: kichwa kikubwa na mgongo wazi.

Kazi hiyo yote huwa imekwisha siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Sasa hesabu nami kwa vidole. Siku hiyo, mwenye mzunguko wa kawaida amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu. Labda amechokachoka, akadhani ni malaria. Kadi ya kliniki hana. Atakapoipata, pengine tumbo likiwa limeshaonekana, atapewa vidonge vya kuongeza damu ambavyo ndani yake mna asidi ya foliki. Avimeze, damu yake inavihitaji. Ila mgongo wa mtoto ulishafungwa, au ulishakataa kufungwa.

Hapa lazima nimlete Lucy Wills, aliyefungua njia ya kuijua asidi hiyo, mhariri anivumilie. Huyu namsimulia kila ninapopata wa kunisikiliza. Alizaliwa Uingereza mwaka 1888, akasomea mimea na miamba Cambridge kabla hajageukia udaktari. Mwaka 1928 alikwenda India, ambako wajawazito, wakiwemo vibarua wa viwanda vya nguo vya Bombay, walikuwa wakifa kwa upungufu wa damu wa aina ya peke yake: chembe zao nyekundu zilikuwa chache mno, na kubwa kupita kiasi. Wengine wangesaka kijidudu. Wills alisaka chungu. Aliulizia walichokula na walichokosa, akaona ugonjwa unawaandama maskini, wale ambao mboga, matunda na nyama vilikuwa adimu kwao. Akawalisha panya chakula cha namna ile, baadaye kima, na damu yao ikaharibika vilevile. Kima mmoja aliyekuwa taabani akapewa Marmite, ule mchuzi mzito mweusi wa chumvichumvi unaotengenezwa kwa masalia ya hamira ya viwanda vya bia. Kima akainuka. Wanawake wakapewa, nao wakainuka. Matokeo akayachapisha mwaka 1931. (Asije mtu akanukuu aya hii baa. Kilichoponya ni hamira. Pombe yenyewe kwa mjamzito ni madhara matupu.)

Wills hakujua kiini cha dawa yake ni nini, na kwa muda kikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1941 watafiti wa Texas walichambua tani 4 za spinachi, wakaambulia kiasi kidogo tu cha kitu walichokipa jina la asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Jani! Sisi tunaokanyaga mnavu tukienda kununua soda. Tunao mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga, tena tunazo choroko, mbaazi na maharage yenyewe, ambayo nayo yana utajiri huo huo. Lakini tazama tunavyovitendea vitu hivyo. Matembele yanakatwakatwa sokoni, yanakaa juani kwenye mfuko wa nailoni hadi jioni, yanaoshwa yakiwa yameshakatwa, yanachemshwa mpaka kijani kinakuwa kahawia, kisha yale maji yaliyobeba uzima wote yanamwagwa karoni. Foleti, yaani asidi hiyo jinsi ilivyo ndani ya chakula, huyeyuka majini na huvunjwa na moto mrefu. Kinachofika mezani ni nyuzi na chumvi. Osha kwanza, kata baadaye, funika, epua mapema, na mchuzi wake unywe.

Hata hivyo mboga peke yake, hata ikipikwa na fundi, haimhakikishii kila mwanamke kiwango kinachotakiwa, na hapo ndipo hadithi inapotoka kwenye damu kuingia mgongoni. Tangu miaka ya 1960 daktari Richard Smithells na wenzake walishuku kwamba upungufu wa foleti ndio unaoacha mgongo wazi. Alipotaka kufanya jaribio la kulinganisha kwa kura, kamati za maadili zilikataa nusu ya wanawake wanyimwe vitamini, akalifanya bila kura, na kwa sababu hiyo wanasayansi wengine wakayatilia shaka matokeo yake. Amefungwa huku, akapigwa huku. Mwishowe Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likafanya jaribio katika vituo 33 vya nchi 7, kwa wanawake 1,817 waliowahi kupata mimba yenye kasoro hiyo. Kasoro ilijirudia katika mimba 27. Kati ya hizo, 6 zilikuwa za waliopewa asidi ya foliki, 21 za wasiopewa. Jaribio likasitishwa kabla ya muda wake, maana kuendelea kuwanyima wengine kungekuwa dhambi.

Baada ya hapo nchi zikageukia unga. Marekani ilianza kulazimisha nyongeza ya asidi hiyo katika unga mwaka 1998. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, Kenya ikafuata mwaka 2012, Uingereza ikiwa bado inajadiliana na wenye viwanda. Kwa hili tusijidharau. Tatizo ni kwamba kanuni hukamata kiwanda kikubwa, na ugali wa wengi wetu hutoka mashine ya mtaani. Wiki iliyopita nilipeleka debe langu. Kijana wa mashine ana unga hadi kwenye kope, huwezi kumjua umri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hivi nyie huku mnaongeza chochote kwenye unga?"

Akafikiri kidogo. "Bei, mwalimu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Vifaa vipo: kuna kipimio kinachofungwa kwenye mashine ndogo, kikapima uzito wa nafaka na kudondosha virutubishi kwa kiasi chake. Vimeshafungwa katika baadhi ya mashine hapa Tanzania. Halmashauri inayoweza kumfuata kijana yule kila mwaka kwa ajili ya leseni haishindwi kumfuata kwa hili. Na anayekoboa mahindi mpaka yang'ae, akatupa pumba kwa kuku, ajue kuku wake wanakula vizuri kuliko yeye.

Mashine ni jambo la kwanza. La pili nimewahi kuliandika nikachekwa, naliandika tena: mwenye kazi ya kumwambia binti mapema ni kungwi. Mwezi uliopita nililetewa kadi ya mchango wa kicheni pati ya binti wa jirani. Kamati, sare, ukumbi, mapambo. Binti atakaa kwenye kapeti, afunuliwe masufuria, afundwe namna ya kumpokea mume na namna ya kumpikia mama mkwe, na ndani ya miezi mitatu watu wataanza kumtazama tumbo. Katika saa zote zile hakuna atakayemwambia ameze kidonge kimoja kila siku, asidi ya foliki ya mikrogramu 400, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Duka la dawa wanavyo. Sufuria moja ya zile hununua vya miezi mingi. Wala simwachi bwana harusi, aliyejua kuhesabu mahari hadi shilingi ya mwisho: yeye ndiye wa kuvileta nyumbani, na akiona tabu kuviulizia dukani, basi ajiulize kama yu tayari kuitwa baba.

Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa mara kumi ya hiyo, na ya kwake huandikwa na daktari. Asidi ya foliki hupunguza sana hatari, haiifuti. Kwa hiyo mtoto akizaliwa hivyo, mama asisakamwe kwamba hakula mboga, na mganga asitafutwe wa kusema nani kamroga. Funika kidonda kwa kitambaa safi chenye unyevu, mlaze kwa tumbo au ubavu, mwende hospitali siku ile ile. Upasuaji hufanyika, Muhimbili pale kwenye Taasisi ya Mifupa wanaufanya, na hizi siku mbili tatu za kwanza ndizo zenye thamani. Kumficha ndani hadi arobaini ndiko kunakomletea maambukizi.

Naona nafasi imekwisha na vipimo sijavigusa. Seli mundu, shinikizo la damu, na suala la kupumzika miaka 2 kabla ya kubeba mimba nyingine vitasubiri Jumamosi ijayo, pamoja na maswali ya kunyonyesha yaliyorundikana mezani kwangu. Ila msomaji aliyeniandikia kwamba anatumia valproeti kwa ajili ya kifafa na anataka mtoto mwaka huu asisubiri gazeti. Dawa hiyo huongeza hatari ya mgongo wazi, nayo ikiachwa ghafla kifafa hurudi kwa kishindo. Asiiache kwa kujiamulia. Amwone daktari wake wiki hii, kabla ya kutafuta mimba, waizungumzie dawa yenyewe na dozi yake ya foliki.